Kipi Kitangulie

Visanduku vinne juu ya ubao wa kreti ya soda,
vimefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli:
mkwaruzo, mtikisiko, mrudio, mwangwi.
Hicho cha mwisho nilikinunua kwa Wandeba, Barabara ya Naboa,
kwa magunia mawili ya kahawa na deni la gunia la tatu.
Rangi imebabuka. Kitufe kimoja
ni kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi.
Lakini ndani yake mna ukumbi
ambao Mbale nzima haijaujenga.

Piga uzi mmoja. Mmoja tu.
Nyamaza.
Utausikia ukitoka humu ghalani,
ukiivuka Namatala bila haraka,
ukiufikia ukuta wa Wanale, ukigeuka,
ukirudi umelowa.
Khainza, mpiga besi wangu, huhesabu kwa vidole:
sekunde tisa.
“Wapo watu,” husema, “wasiokaa hivyo hata msibani.”

Mrudio ni mtoto mbishi.
Mwambie neno mara moja, atalisema mara tano,
kila mara kwa sauti ya chini zaidi,
mpaka usijue anakubali au ananuna.
Nikimweka mbele ya mwangwi, kila neno hupata chumba chake.
Nikimweka nyuma, vyumba vyenyewe hujirudia,
mlango ndani ya mlango ndani ya mlango,
hata mimi mwenye nyumba huulizia njia ya kutokea.
Mtikisiko nautia mwishoni kabisa, kidogo,
ukungu wa asubuhi upate kupumua.

Sasa mkwaruzo.

Wandeba aliniambia, bisibisi mdomoni:
“Mkwaruzo kwanza, mwangwi baadaye.
Mtu hupiga ukelele, kisha bonde humjibu.
Ndivyo Mungu alivyochomeka waya.”
Nikaitikia vizuri, kama mdeni anavyopaswa.
Nikafika ghalani, nikachomeka kinyume.

Mwangwi kwanza. Mkwaruzo ukaumeza mzima mzima.
Nikapiga uzi uleule.

Hakuwa tena mtu bondeni.
Lilikuwa bonde.
Lilianzia chini ya nyayo, ngurumo isiyo na mdomo,
mawe yakisagana na mawe,
migomba ikilala upande mmoja yote kwa pamoja,
tope zito likiuliza nyumba ya fulani iko wapi
na kuijua kabla ya kujibiwa.
Mabati ya paa yalitetemeka. Nilifurahi, nakiri.
Nilidhani nimevumbua kitu.

Khainza aliliweka besi chini.
Kwao ni Bududa.
Hakusema neno. Alikwenda kusimama mlangoni, mgongo kwangu,
akaitazama mvua
kama unavyomtazama mtu aliyewahi kukuibia
na leo anapita tu, anasalimia.

Nilikanyaga kuzima.
Kisanduku hiki hakizimiki upesi.
Sekunde tisa. Safari hii nilizihesabu mimi,
na sikuwa na vidole vya kutosha.

Aliporudi alipiga magoti mbele ya ubao,
akachomoa nyaya mwenyewe, moja moja,
akazifuta kwa pindo la kitenge, akazipanga:
mkwaruzo, mrudio, mwangwi, mtikisiko.
Mkwaruzo akauminya hadi robo.
Nilitaka kuomba radhi, akaniwahi:
“Ule mpango mwingine usiutupe.
Uandike mahali. Siku yake itakuja,
na nitakuwepo, nitaupiga na wewe.
Leo nataka nisikie mtu akiita
na kitu kimjibu.”

Nikaandika kwa chaki chini ya kreti,
herufi ndogo, mishale kinyumenyume.
Kisha nikapiga uzi mmoja, tukangoja ufike mlimani.
Sekunde ya kwanza. Ya tatu. Mvua. Ya sita.
Kwenye ya saba, kabla sauti haijakata tamaa,
besi lake likaingia.